Maktaba Kuu ni yetu pia, tuzitumie siku zake

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, tunapoielekea nusu ya pili ya mwaka tumeona vyema kuizungumzia nyumba ambayo wengi wetu huipita bila kuingia ndani. Nayo ni Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, si mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwalimu Julius Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, Tanganyika ilipotimiza miaka sita ya Uhuru, na leo ipo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Swali letu ni hili: nyumba hii ina nafasi gani katika ratiba ya misikiti na madrasa za Kariakoo?

Tunauliza kwa sababu haja ipo na inaonekana kwa macho. Kariakoo ni mtaa wa biashara usiku na mchana. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja au viwili, chini kuna duka, nje kuna makuli, mikokoteni na vipaza sauti vya wauzaji. Kijana wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani hana meza wala utulivu. Tunamlaumu kwa kukaa vijiweni, ilhali hatujamwonyesha mahali pengine pa kukaa.

Je, si elimu ya dunia tu?

Wapo wanaosema kwamba maktaba ya serikali ni mahali pa elimu ya dunia, na kwamba mtoto wa Kiislamu inamtosha madrasa. Kauli hii haina msingi. Wahyi wa kwanza aliopewa Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira, aya za mwanzo za Suratul-Alaq, ulianza kwa amri ya kusoma na ukaitaja kalamu. Amri hiyo haikubagua.

Kisha tuangalie vitendo vyake Mtume (S.A.W.). Waandishi wa sira wanaeleza kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina. Walimu hao walikuwa washirikina, tena waliokuja kupigana. Hata hivyo, elimu yao ilipokelewa kwa kuwa ilikuwa na manufaa kwa umma. Iwapo hali ilikuwa hiyo, vipi tuikimbie nyumba ya vitabu iliyojengwa kwa ajili ya wananchi wote, nasi tukiwemo?

Siku tatu zilizo mbele yetu

Ratiba ya shughuli za maktaba hutolewa na maktaba yenyewe, na ni wajibu wetu kuiuliza. Lakini zipo siku tatu zinazojulikana, ambazo tunapendekeza misikiti ijiandae nazo kuanzia sasa.

Ya kwanza ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Kwa kuwa Sabasaba ni siku ya mapumziko, shughuli zifanyike ndani ya wiki yake. Madrasa ziwapeleke watoto sehemu ya watoto ya maktaba, wasome hadithi kwa sauti na kushindana kwa insha.

Ya pili ni tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Hapa tuwakumbuke mama zetu. Wapo waliohitimu Qur'ani utotoni lakini barua ya hospitali wanasomewa na wajukuu. Barabara ya maktaba ina jina la mwanamke wa Kiislamu wa mji huu, aliyewaongoza wanawake wa TANU katika kupigania Uhuru. Na huko Fez, Msikiti wa Qarawiyyin, ambao baadaye ulikuwa na maktaba mashuhuri, wanahistoria wanauhusisha na Fatima al-Fihri, mwaka 859. Haifai basi mwanamke aachwe nyuma katika jambo hili.

Ya tatu ni tarehe 9 Desemba, kumbukumbu ya kufunguliwa maktaba. Nayo ni sikukuu ya taifa, hivyo tuitumie wiki yake kwa sadaka ya vitabu. Wazee wetu waliweka wakfu misahafu, visima na nyumba. Kitabu kinachosomwa baada ya mtoaji kufa ni elimu yenye kunufaisha, nayo ni miongoni mwa mambo matatu ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hayakatiki kwa mauti.

Hapa pana jambo linalotuuma. Bodi ya Maktaba ina jukumu la kuhifadhi machapisho ya nchi. Lakini vijitabu vingapi vya masheikh wetu, vinavyouzwa milangoni mwa misikiti, vinafikishwa huko? Mwandishi akifariki na nakala zikaisha, jasho lake hupotea. Kesho mtafiti atakosa maandishi yetu, kisha atasema Waislamu wa Dar es Salaam hawakuandika.

Tufanye nini?

Tunawanasihi maimamu wa Mtoro, Manyema, Idrisa na misikiti mingineyo wateue mtu mmoja kila msikiti wa kufuatilia matangazo ya maktaba, yasomwe baada ya Swala ya Ijumaa kama yanavyosomwa ya harusi na maziko. Walimu wa madrasa watenge Jumamosi moja kwa mwezi ya kuwapeleka wanafunzi. Wazazi waulize masharti ya uanachama na kumwandikisha japo mtoto mmoja. Waandishi na wachapishaji wetu wapeleke nakala za vitabu vyao.

Mambo haya hayahitaji harambee wala mfadhili kutoka nje. Yanahitaji miguu yetu tu, na safari yenyewe ni fupi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa na awaongoze vijana wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.