Jicho katika Usikivu wa Lugha
Fasili ya lugha kuwa ni mfumo wa sauti huliacha jicho kando. Mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba msikilizaji wa silabi “ba”, atazamapo kinywa kitamkacho “ga”, mara nyingi husikia “da”. Mwaka 2003, Asif Ghazanfar na Nikos Logothetis walibainisha kuwa makaki, kima wa Asia, huoanisha mlio na uso unaoutoa. Utafiti wa 2005 ukadhihirisha kwamba hata sehemu ya ubongo wao inayohusika na usikivu huathiriwa na uso uonekanao. Yaelekea, basi, muungano huo uliitangulia lugha ya binadamu. Mwalimu wa fonetiki ategemeaye sauti zilizorekodiwa pekee humnyima mwanafunzi sehemu ya ushahidi.