Andiko la Kununua Halijawahi Kuokoa Kikundi

Swali hurudi kila wiki kwa maneno yaleyale, kutoka kwa viongozi wa vikundi vya maigizo, ngoma, taarab na sarakasi: tutampata wapi mfadhili? La pili hulifuata papo hapo: kuna mtu wa kutuandikia andiko la kuomba fedha? Nimelijibu kwa upole kwa muda wa kutosha. Leo sitalipamba jibu, kwa sababu kila linapoulizwa kuna kikundi kingine kilichosimamisha maonyesho kikisubiri barua pepe, na waigizaji wake wazuri wanaondoka mmoja mmoja. Swali lenyewe lina kasoro. Linachukulia kwamba kikundi kiko sawasawa, kimepungukiwa tu na mtu mwenye fedha. Ukikaa na viongozi hao ukawauliza onyesho lao la mwisho liligharimu kiasi gani, wengi hukutajia kodi ya ukumbi na kukodi vyombo vya muziki, kisha wakanyamaza. Kikundi kisichojua gharama ya onyesho lake hakijui kinamwomba mfadhili azibe pengo gani.

Tuanze na dawa inayouzwa sana, andiko la kununua. Muuzaji wake ana maelezo yanayofanana kila mji: analijua shirika la nje, anaijua lugha wanayoitaka, anadai kianzio sasa na asilimia kumi fedha zikiingia. Hapo kwenye asilimia kumi ndipo pa kuondokea. Mfadhili makini hutoa fedha kwa bajeti yenye vifungu, na kila kifungu kina risiti yake. Hakuna kifungu cha asilimia ya aliyeandika. Ili kumlipa, mwenyekiti atalazimika kutafuta risiti ya kitu ambacho hakikununuliwa, na uhusiano wa kikundi na mfadhili utakuwa umeanza kwa udanganyifu. Isitoshe, andiko ni ahadi, na anayeahidi si atakayetekeleza. Ataandika warsha 24 katika wilaya 6 kwa vijana 1,200 kwa sababu hesabu hizo zinapendeza kwenye karatasi. Yeye ataondoka na chake, na kikundi chenye watu 12 na ngoma tano kitabaki kuzitafuta wilaya hizo. Wanaosoma maombi nao si watoto. Husoma mamia kwa msimu, na aya iliyonakiliwa kutoka ombi moja kwenda jingine huijua mara moja. Wanachokitafuta hakinunuliki: orodha ya maonyesho yaliyokwisha kufanyika, tarehe zake, idadi ya walioingia, na hesabu zinazokubaliana na stakabadhi.

Huruma yangu kubwa ni kwa kikundi ambacho andiko hilo limekubaliwa. Kilikuwa kikiendesha mwaka mzima kwa milioni mbili au tatu, sasa kinapokea mara ishirini ya hizo huku kikiwa na daftari moja na mhazini anayejitolea jioni. Kiongozi aliyekuwa akitunga na kuelekeza anageuka mwandishi wa taarifa. Lililo baya zaidi ni posho ya mazoezi. Mradi unaiweka kwa nia njema, watu wanaizoea, na mradi ukiisha hakuna anayekuja kufanya mazoezi bure, ingawa ni walewale waliokuja bure kwa miaka minne kabla ya mradi. Nguvu ya kujitolea, ambayo ndiyo ilikuwa mtaji halisi wa kikundi, inakuwa imenunuliwa kwa miezi 18 na kuuawa. Mapato ya mlangoni nayo huharibika hivyohivyo. Maigizo ya kampeni za afya au uchaguzi huchezwa bure, kwa mada iliyochaguliwa kwingine, na mtaa unazoea kwamba mchezo wa kuigiza ni kitu cha kugawiwa. Waanzilishi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo nchini Tanzania hawakukusudia hivyo. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipofanya kazi kijijini Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliwataka wanakijiji wenyewe wachunguze na kuitaja shida yao kabla ya kuigiza. Kilichosalia katika miradi mingi ni fulana na kipaza sauti.

Hata mfadhili mwaminifu, mwenye subira na asiye na masharti mabaya, ana tarehe ya mwisho. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004, ni miongoni mwa matamasha ya muziki yanayojulikana sana Afrika, na waandaaji wake wanaijua kazi yao. Tamasha la 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutimia, likarudi 2017. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 katika jengo la forodha ya zamani pale Mji Mkongwe, kimefundisha vijana wengi, nacho mwaka 2019 kilitangaza wazi kwamba kiko hatarini kufungwa baada ya ufadhili mkubwa kukatika. Taasisi hizo mbili zilikuwa na bodi, wahasibu, jina na hadhira. Ikiwa kuondoka kwa wafadhili kuliziyumbisha hizo, kikundi kinachofanyia mazoezi kwenye varanda ya shule kinajipa tumaini gani kwa kumtegemea mmoja tu?

Sasa tazameni waliodumu. Nadi Ikhwan Safaa ilianza Zanzibar mwaka 1905, Culture Musical Club ikafuata 1958, na zote zimepita katika Mapinduzi ya 1964 na misukosuko ya baadaye zikiwa bado na ganuni na fidla zao. Zilikuwa vilabu kabla ya kuwa kitu kingine: kuna wanachama, kuna mahali pa kukutana, kuna mialiko ya harusi na sikukuu. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza pwani miaka ya 1890 na baadaye vikawamo Marini na Arinoti, viliendeshwa kwa michango ya wanachama wenye vyeo, sare na ushindani mkali, na mwanachama akipatwa na msiba wenzake walisimama naye. Na huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi za watu wapatao 2,000, ambapo igizo la Ngaahika Ndeenda la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ lilianza kuchezwa Oktoba 1977. Serikali iliwafutia kibali mwezi uliofuata, na mwaka 1982 jengo likabomolewa. Kamiriithu haikufa kwa njaa. Ilibidi dola ije kuiua. Nitaambiwa kwamba Culture Musical Club ilikuwa karibu na chama tawala na serikali, na ni kweli, msaada wa aina hiyo ulikuwapo. Lakini serikali iliikuta ikiwa na wapigaji, waimbaji na watu wanaoipenda. Msaada ulikuja juu ya kitu kilichokuwapo.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba watu wetu hawalipii sanaa. Nendeni kwenye taarab ya harusi mkaangalie kwa macho. Shairi linafika ubeti unaomgusa mtu, mama mmoja anainuka kitini, noti ameishika kwa ncha za vidole mkono ukiwa juu, anasogea kwa mwendo wa taratibu unaofuata mapigo, anazunguka mara moja mbele ya wenzake, ndipo anaiweka kwa mwimbaji. Kabla hajarudi kitini wawili wengine wamekwisha inuka. Mama huyo hakulazimishwa. Amelipa kwa sababu wimbo umesema kwa niaba yake na kwa sababu watu wamemwona akilipa. Hadhira inayotunza hivyo ina utamaduni wa kulipa ulio mzito kuliko wa kukata tiketi. Tatizo ni kwamba vikundi vya maigizo vimeiga mlango na tiketi bila kumpa mtazamaji mahali pa kuonekana akichangia, kisha vikahitimisha kwamba hana moyo.

Pingamizi la pili ni la wasomi na lina uzito. William Baumol na William Bowen walionyesha mwaka 1966, wakichunguza sanaa za jukwaani za Marekani, kwamba kiwandani mashine hupunguza gharama ya kila bidhaa, lakini wapigaji wanne wa ala za nyuzi wanahitaji watu na dakika zilezile zilizohitajika muziki ulipotungwa. Mishahara kwingine ikipanda, gharama ya jukwaa hupanda nayo, na kiingilio hakiwezi kuifikia milele. Basi msaada hauepukiki? Nakubali kabisa, na ndiyo maana naudhika tunapouomba kwa upofu. Chukueni mfano wa watu 12 wanaoandaa igizo jipya kwa mazoezi 20, kila mmoja akitumia nauli ya shilingi 2,000 kwenda na kurudi. Hiyo ni 480,000 kabla pazia halijafunguliwa, na katika madaftari mengi haimo kwa sababu kila mtu aliitoa mfukoni mwake. Siku ya onyesho ukumbi ni 200,000, vyombo 150,000, mabango 50,000, kusafirisha mapambo 60,000, chakula na maji 60,000. Jumla 520,000. Wanaingia watu 120 kwa 5,000, zinapatikana 600,000, na kikundi kinashangilia faida ya 80,000 ilhali kimepata hasara ya 400,000 iliyobebwa na waigizaji. Lakini mazoezi yamekwisha lipwa mara moja. Igizo hilo likichezwa tena kwa mapato hayohayo, kila usiku unapunguza 80,000, na usiku wa sita nauli yote imerudi. Wa saba ndio wa kwanza kuleta faida. Vikundi vyetu hucheza mara moja au mbili, huliweka igizo kabatini na kuanza jipya, yaani huacha kazi pale ilipokaribia kujilipa. Na bado hapo hakuna aliyepewa ujira. Ujira huo, uliokokotolewa kwa usiku, ndilo pengo halali la kumpelekea mfadhili, na mnaweza kuliandika wenyewe kwa Kiswahili chepesi katika kurasa mbili.

Yaliyobaki nayasema kwa haraka. Chagueni siku moja ya mwezi na msiihamishe hata mkicheza mbele ya watu 15. Igizo moja lichezwe mara nane, katika mitaa na shule tofauti, kabla ya kutunga jingine. Mialiko ya harusi na mikutano ipokelewe kwa malipo ya awali ya nusu, tena kwa maandishi. Fedha za kutunzwa ziingie sanduku moja, zihesabiwe na watu wawili usiku uleule, na mgawo wa mwimbaji ukubaliwe kabla ya onyesho. Jisajilini Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili wasio ndugu. Mwenyekiti asishike fedha. Ada ya wanachama iwepo hata ikiwa ndogo, na wapenzi wa kikundi wasio wasanii wakaribishwe kuilipa na majina yao yasomwe jukwaani. Fedha ya mradi isichanganywe na ya kikundi, na msikubali posho ya mazoezi ambayo hamtaweza kuiendeleza. Wekeni akiba ya gharama za maonyesho matatu kabla ya kununua spika. Na kwenye mazoezi yajayo, kabla ya kupasha sauti, mhazini afungue ukurasa mpya wa daftari, aandike majina 12, na mbele ya kila jina nauli aliyoitoa kufika pale.