Maradhi Yanapoingia Jikoni: Habari za Katavi



Watu wanapohadithia maradhi makuu hueleza habari za wagonjwa, waganga na makaburi. Ni haki yao, kwani roho za watu ndizo za kwanza. Lakini maradhi yakiingia nchi hayaishii kitandani pa mgonjwa. Huingia ghalani, huingia jikoni, hukaa mkekani palipotandikwa sinia, na mara nyingi hukaa humo siku nyingi baada ya mgonjwa wa mwisho kupona. Habari hizo haziandikwi sana, labda kwa kuwa ni mambo ya vyungu, na wanaume wenye kalamu hawakuwa na ada ya kuchungulia jikoni.

Leo tutazame jambo hili katika Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni mji wa Mpanda. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini nchi yenyewe ni ya kale: nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, waliokuja kuungana na Wafipa, Wasukuma na wengineo. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, na bandari zake za Karema na Ikola zitoazo dagaa na migebuka. Kaskazini huingia reli itokayo Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yalifungwa mwaka 1960, reli ikabaki kuchukua watu na mahindi. Katika Katumba na Mishamo wamo watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania, na jembe lao limeilisha miji mingi.

Jambo moja la nchi hii lishikeni sana, kwa kuwa bila hilo hamtafahamu yatakayofuata. Mvua ya Katavi ni ya msimu mmoja. Huanza yapata Novemba, hukoma yapata Aprili. Anayekosa kupanda katika Novemba na Desemba hana mvua ya vuli wala ya pili ya kumfidia, kama alivyo nayo mtu wa pwani au wa Bukoba. Mavuno ni Mei hata Julai. Miezi ya Januari, Februari na Machi ghala huwa chini, na mama wa nyumba hupima unga kwa kikombe. Basi maradhi yakija katika nchi ya namna hii, pamoja na kuuliza ni makali kiasi gani, yapasa kuuliza pia yamekuja mwezi gani.

Mwaka 1918 yalikuja katika mwezi mbaya kuliko yote.

Vita Vikuu vya kwanza vilikuwa vimekwisha kuikausha nchi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Kongo na kuingia upande huu wa ziwa, yakauteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba. Kila jeshi lililopita lilitaka mahindi, mtama, kuku na mbuzi, na lilitaka wanaume wa kuchukua mizigo. Wengi katika hao wapagazi hawakurudi. Kisha, katika Novemba 1918, Jemadari von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, na watu wake wakapelekwa Kasanga, wakapakiwa meli za Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na toka huko kwa reli. Wakati huo huo homa kuu ya mafua, iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, iliwakuta askari hao ikawaua wengi. Njia ya meli hizo ilipita mbele ya ufuo wa Karema na Ikola.

Homa ile ilikuwa na tabia ya ajabu. Mafua ya kawaida huwaonea wazee na watoto wachanga; hii iliwapiga vijana wenye nguvu, watu wa miaka 20 hata 40. Na hao ndio wenye jembe. Tazameni sasa jinsi mambo yalivyokutana: mvua zimeanza, ardhi imelowa, mbegu iko mkononi (ikiwa majeshi hayakuila), na mwenye kulima amelala kwa homa, na mkewe kalala ubavuni pake. Mgonjwa aliyepona baada ya wiki tatu au nne alitoka nje akakuta wakati wa kupanda umepita. Hakufa kwa homa, lakini shamba lake lilikuwa limekwisha kufa.

Ndiyo maana katika nchi nyingi za Tanganyika njaa ilifuata nyuma ya mafua. Huko Ugogo, ambako ukame ulizidi, njaa ya miaka hiyo iliitwa Mtunya, na yakadiriwa watu 30,000 walikufa. Haitupasi kusema mafua peke yake ndiyo yaliyoleta njaa hiyo. Vita, ukame na homa vilishikana mikono. Lakini katika tatu hizo, homa ndiyo iliyoondoa mikono ya kulimia.

Baada ya misiba kama hiyo, chungu kilibadilika. Serikali ya Waingereza ilishurutisha watu kupanda muhogo kuwa akiba ya njaa. Sababu yake ni nyepesi: muhogo hukaa ardhini mwaka mmoja na zaidi, hauhitaji kihenge, nzige hawaufikii mzizi wake, na hata jeshi lipitalo haliwezi kuung'oa wote. Mgonjwa akichelewa mwezi mmoja, muhogo humngoja. Mahindi hayamngoji mtu. Kadhalika katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wawahamishe Wakonongo na majirani zao kutoka vijiji vyao vya misituni na kuwakusanya mahali pamoja, kama Inyonga. Walipata usalama wa mbung'o, lakini asali, nyama ya porini, uyoga na matunda ya mwitu vikawa mbali na mlango. Ugali wa muhogo hushibisha sana, ila hauna nguvu ya kujenga mwili wa mtoto, na yule mtu aliyekuwa akipoza upungufu huo kwa vitu vya msituni sasa hakuwa navyo karibu. Hivyo yale yaliyofanywa kwa ajili ya kuokoa watu na njaa na maradhi yaliacha nyuma yake upungufu wa namna nyingine, usiopigiwa kelele.

Ama ugonjwa wa Korona, ambao Serikali yetu iliuita UVIKO-19, ulikuja kwa saa nyingine kabisa. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Machi ni mwezi wa ghala tupu, kweli, lakini mashamba yalikuwa yamekwisha kupandwa na kupaliliwa, na mahindi yalikuwa yakikomaa. Tena ugonjwa huu uliwaelekea zaidi wazee, si wale wa kushika jembe. Serikali haikuwafungia watu majumbani, na Rais Magufuli, aliyefariki Machi 2021, alishikilia kuwa watu wafanye kazi na wavune. Hoja yake katika mambo mengine ya ugonjwa ule imebishaniwa sana, na wako waliopoteza wapenzi wao ambao hawataki kuisikia. Lakini katika jambo la mavuno ya nyanda za magharibi mwaka ule, mtu mwadilifu hana budi kukiri kwamba mahindi na mpunga viliingia ghalani kwa wakati wake, na watoto waliokuwa nyumbani kwa kufungwa shule mpaka 29 Juni waliwasaidia wazazi wao kuvuna.

Tulinganishe na ndugu zetu wa Mombasa. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh huko Nairobi vilifungwa, watu wasitoke wala wasiingie, na masoko na mikahawa ya humo ikafungwa. Muuza viazi karai na muuza maji ya ukwaju, ambao Ramadhani ndiyo mavuno yao, walikosa mavuno. Mtu wa mji hana shamba. Chakula chake kimo katika miguu ya watu wapitao.

Hata hivyo, Katavi nako jiko halikusalimika. Ramadhani ile ilianza mwishoni mwa Aprili, na sukari ilikuwa imeadimika hata Serikali ikatangaza bei ya sukari kwa kila mkoa. Dar es Salaam kilo iliwekwa shilingi 2,600, na mikoa ya mbali ikapandishiwa kwa ajili ya nauli. Kisha watu wakashika tangawizi, ndimu na vitunguu saumu, vikachemshwa asubuhi na jioni, bei yake ikapaa masokoni kote nchini. Vitu hivi ni chakula chema, na ndimu ina vitamini isiyokanushwa. Lakini havikuthibitika kuwa ni dawa ya ugonjwa ule. Na nyumba yenye shilingi 1,000 ya kitoweo ikinunua tangawizi ya shilingi 700, dagaa watakaonunuliwa kwa 300 hawawatoshi watu sita. Ninaona ndivyo hofu inavyokula chakula cha watoto bila kuonekana.

Shule zilizokuwa zikipika uji nazo zilikuwa zimefungwa. Mtoto aliyekuwa akipata kikombe saa nne alikikosa kwa zaidi ya miezi mitatu. Hilo nalo halikuonekana, kwa sababu mtoto yuko nyumbani anacheza.

Pigo kubwa halikuja mwaka 2020. Lilikuja nyuma, kwa mlango ambao wengi hawakuufikiria: mlango wa mbolea. Meli za dunia zilivurugika, viwanda vikapunguza kazi, bei za usafiri na za gesi zikapanda, na mwaka 2021 mkulima wa Mpanda aliyekwenda dukani alikuta mfuko wa mbolea umepanda hata hakuuamini. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaongeza moto juu ya moto. Mafuta ya kula nayo yakapaa. Ilipofika Agosti 2022 Serikali ilitangaza ruzuku, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ama wa kukuzia ukauzwa shilingi 70,000, ambapo bei yake ya kawaida ilikuwa imepita 120,000. Hebu mfikirie mwanamke mjane mwenye ekari mbili huko Karema au Majimoto. Hakumjua mgonjwa hata mmoja wa Korona. Lakini Korona ilimfikia shambani kwake kwa njia ya Bahari ya Hindi, miezi 18 baadaye, ikapunguza magunia yake.

Sasa tuje kwenye swali la lishe, ambalo ndilo gumu. Watu wa nyanda hizi hujifakhari, na ni haki yao, kwamba wao ni ghala la taifa. Mpanda ni miongoni mwa mahali panane palipochaguliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kujengewa vihenge na maghala mapya. Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika watoto wa chini ya miaka mitano, 30 katika kila 100 wamedumaa. Na mikoa iliyozidi wote ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu au zaidi ya nusu wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa ya mahindi! Katavi ni kama theluthi moja. Basi kujaa kwa ghala si kujaa kwa mwili wa mtoto. Mahindi yana upungufu wa vijengamwili, na yakikobolewa yakawa sembe nyeupe, kiini na ganda huenda kwa kuku pamoja na vitamini zake. Dona, maharage, karanga, kisamvu na dagaa ndivyo viuzibavyo upungufu huo. Na wakati wa shida, iwe ya ugonjwa au ya bei, nyumba haipunguzi ugali kwanza. Hupunguza kitoweo.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza juu ya sinia. Ada yetu ni kula pamoja, na ina baraka zake. Mwaka 2020 watu walihimizwa kila mtu awe na sahani yake, na wengine walichukia, wakaona ni kuwatenga ndugu. Lakini wanahistoria wetu wametueleza habari za Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, ambaye siku zake zilikutanisha njaa ya Mwaka wa Ramada na tauni ya Amwas. Katika tauni alirudi njiani asiingie Sham. Na katika njaa alijizuilia samli mpaka watu wote waipate. Alijitenga na maradhi bila kujitenga na njaa ya watu.

Na sahani zile zilifichua jambo. Katika sinia moja, mkono mkubwa na mwepesi huchota mara tano wakati mkono wa mtoto wa miaka miwili umechota mara moja, tena nyama na samaki viko upande wa baba. Mama huona sinia limekwisha akadhani wote wameshiba. Chakula kinapopakuliwa, fungu la mdogo huonekana dhahiri, na upungufu wake pia. Waalimu wa lishe walikuwa wamelisema hili zamani, kwamba mtoto mdogo apewe bakuli lake mwenyewe, lakini maneno yao yalipita hewani. Sasa sinia limerudi, alhamdulillahi, na lirudi. Ila bakuli la mtoto lisiondoke nalo. Ndani yake uwemo uji wa dona wenye karanga zilizotwangwa, na dagaa wakavu waliosagwa, kijiko kimoja au viwili, kila siku.

Na hao dagaa wawekwe mapema. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wazaane, miezi ile ile ambayo mahindi ya Katavi yalikuwa yakiingia ghalani.