Kompyuta ya polepole nayo inahesabiwa

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliomba watu wa kawaida wakopeshe kompyuta zao za nyumbani zinapopumzika, zichambue ishara za redio kutoka angani. Mradi uliitwa SETI@home.

Tunapimaje mbio za mashini hizo? Programu ya BOINC huipa kila moja mahesabu ya majaribio. Inayofanya mahesabu bilioni moja kwa sekunde, mchana na usiku, hustahili pointi 200 kwa siku.

Lakini mbio pekee hazitoshi. Kipande kimoja cha kazi kilitumwa kwa kompyuta zaidi ya moja, na majibu yalikubaliwa yakipatana. Kwa hiyo tusidharau mashini ya zamani: jibu lake sahihi huthibitisha lile la mwenye mbio.