Kwa nini mkebe wa wali wa nazi hurudi umejaa Nakuru

Dada yangu ameolewa Nakuru, anakaa Bondeni. Mwezi uliopita alinipigia simu analalamika. Mwanawe wa miaka minane kila siku arudi shuleni na mkebe wa chakula vile vile alivyoondoka nao. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, haujaguswa. "Huyu ashakuwa mtu wa bara," aniambia, "aona haya chakula cha kwao." Alishamgombeza, alishamwambia kuwa israfu ni dhambi. Jibu la mtoto ni moja tu: "Mama, kina mafuta."

Nilicheka. Baadaye nikafikiri, nikaona mtoto asema kweli.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Sisi wa pwani twalijua hilo bila kipimo. Kipupwe kikiingia, chupa ya mafuta ya nywele huamka imeganda, jua likipanda yayeyuka. Sasa Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na alfajiri za Julai joto huweza kushuka hadi karibu digrii 10. Mkebe wa plastiki uliofungwa saa kumi na mbili asubuhi, ukakaa ndani ya mkoba hadi saa saba mchana, tui lake lishakuwa utando mweupe unaoganda kwenye kaakaa. Samli nayo ni hivyo hivyo. Na wali wenyewe ukipoa, wanga wake hukakamaa, punje zikawa ngumu.

Kwa hivyo mama aonja wali mmoja jikoni, na mtoto apewa mwingine darasani.

Kuna na jambo la afya. Wali na samaki wakikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu huzaana, na baadhi ya sumu zake haziondoki hata ukipasha moto tena. Chakula kilichorudi jioni kisirudishwe jikoni.

Basi la kufanya ni nini? Kama uwezo upo, nunua thamosi ya chakula yenye mdomo mpana. Itie maji yanayochemka dakika tano, yamwage, kisha utie chakula kikiwa cha moto sana na ufunge papo hapo. Ukitia chakula cha moto ndani ya thamosi baridi, joto hupotea mapema. Na mtoto ajaribu kuifungua mwenyewe nyumbani, kwani kifuniko kigumu nacho hurudisha chakula.

Kama thamosi haipo, wali wa nazi uwe wa chakula cha jioni. Mkebe upewe vitu vinavyolika baridi: chapati iliyopikwa kwa mafuta ya alizeti, yai la kuchemsha lililopikwa asubuhi hiyo, viazi, karoti, ndizi. Viazi vya Molo viko karibu, na bei yake si ya nazi iliyosafirishwa kutoka Kilifi. Tia kidogo, kwani muda wa kula shuleni ni mfupi.

Na kabla ya kumgombeza mtoto, fungua ule mkebe saa saba, uonje mwenyewe.

Dada alifanya hivyo siku moja tu. Wiki hii mkebe umerudi mtupu, isipokuwa karoti. Hizo, alhamdulillahi, ni kesi nyingine.