Kutoka Kinanda cha Kanisani hadi Jukwaa la Piano

Mji wa Bunia haukosi vijana wenye sikio la muziki. Kanisani, mwimbaji akianza wimbo, mpiga kinanda humtafutia sauti papo hapo, bila karatasi mbele yake. Huo ni mtaji mkubwa. Lakini mzazi anayeuliza kama mwanawe anaweza kuwa mpiga piano wa muziki wa klasiki anastahili jibu kamili.

Tuanze na chombo. Vinanda vingi vya kubebeka vina vitufe 61 vyepesi. Piano ina 88, na kila kitufe hurusha nyundo inayogonga nyuzi: ukikibonyeza taratibu sauti hunong'ona, ukikibonyeza kwa kasi hunguruma. Kidole kilichozoea vitufe vyepesi hushindwa kuitawala tofauti hiyo. Zikipatikana fedha, kinunuliwe kinanda cha umeme chenye vitufe 88 vizito na pedali. Piano ya mbao huyumba kwa unyevu, nyuzi zake zaidi ya 200 hupoteza sauti, na humtaka fundi wa kuzikaza mara kwa mara.

Pili ni mwalimu. Januari 1963, André Watts, kijana wa miaka 16, aliitwa ghafla kushika nafasi ya mpiga piano Glenn Gould aliyeugua. Akapiga konserto ya kwanza ya Liszt na orkestra ya New York Philharmonic chini ya uongozi wa Leonard Bernstein, na jina lake likaenea. Wengi hukumbuka usiku huo tu. Mimi nakumbuka kilichofuata: Watts alirudi darasani, akasoma kwa mpiga piano Leon Fleisher huko Baltimore. Sifa hazikumtosha, alitaka mikono itakayodumu miaka mingi.

Tatu ni wenzake mtoto katika muziki. Mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha orkestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, mjini Kinshasa. Ala zilikuwa chache, wanamuziki wakapokezana, na waya wa breki ya baiskeli ukageuzwa uzi wa fidla. Walijifunza kwa kupiga pamoja na kusikilizana.

Kwa hiyo mzazi asianze kwa kutafuta mashindano. Amtafutie mtoto vitufe vizito, mwalimu wa kumsahihisha mkono na kumfundisha kusoma nota, na saa ya mazoezi isiyoguswa kila siku. Kanisa nalo limwachie dakika chache za kupiga peke yake mbele ya waumini, kwani ujasiri wa jukwaani hujengwa jukwaani.