Jina liliuzwa peke yake

Kwa fundi mumoja wa motokari hapa Kipushi kuko picha ya zamani ukutani: motokari nyeusi, ndefu, taa zake kama macho ya bundi. Vijana wanaulizaka: ni Mercedes? Hapana. Ni Rolls-Royce Silver Wraith ya Waingereza, ya kisha vita. Tulitafuta habari yake, na tumekuta mambo yanayotugusa sisi wenye kushuka chini ya udongo.

Silver Wraith ilitoka mwaka 1946, ikaendelea mpaka 1958. Zote pamoja hazikufika 2.000. Ilitengenezwa Crewe, ndani ya kiwanda kilichojengwa mwaka 1938 juu ya moteri za ndege za vita. Ajabu yake ni hii: kampuni iliuza chasi, moteri na radiata tu. Mwenye pesa alipeleka vile kwa mafundi wengine, kama Hooper ao Park Ward, ndio wakajenga mwili wa motokari, mara nyingi mbao ndani, aluminiamu inje. Kwa hiyo ni nguvu kukuta mbili za kufanana kabisa.

Tusipite haraka kwenye radiata. Radiata za wakati ule zilikuwa mukuba na laiton, na laiton ni nini? Mukuba uliochanganywa na zinki. Kipushi ilikuwa inatoa vyote viwili. Mukubwa aliyekaa nyuma juu ya ngozi hakuwaza shimo la mutu yeyote.

Februari 1971 kampuni ikaanguka. Siyo motokari zilizoiangusha, ni moteri mupya ya ndege, RB211, iliyokula pesa. Serikali ya Uingereza ikaokoa upande wa ndege. Motokari zikatengwa mwaka 1973, na mwaka 1980 zikaingia mikononi mwa Vickers.

Mwaka 1998 Vickers ikauza. Volkswagen ikalipa paundi milioni 430, ikapata Crewe: masini, plani, pamoja na watu wake. Lakini jina Rolls-Royce, kumbe, lilikuwa la kampuni ya ndege! BMW ikalipata kwa milioni 40. Tangu 2003 Rolls-Royce inatoka Goodwood, kiwanda kipya. Kule Crewe, mikono iliyozoea kazi ile inatengeneza Bentley tu.

Ndugu wafanyakazi, mambo ya kuuziana tunayajua. Mugodi wetu ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Katikati ni miaka 31, bamama wakilima na kuuza makala. Kila karatasi mupya inapotiwa sahihi, sisi wa sendika tunauliza: wafanyakazi wako mustari gani? Siku moja tulipewa karatasi ya namna ile kusoma. Masini ziliandikwa moja moja, kila moja na namba yake. Sisi hatukujiona. Mukubwa mumoja akacheka, akasema: "Ninyi muko kwenye annexe."

Ile annexe tungali tunaingoja.